Vumbi linakula sola yetu

Februari iliyopita nilipanda juu ya bati na ndoo ya maji na kitambaa. Tunaishi mtaa wa Utawala, Nairobi, karibu na barabara ya vumbi inayopitwa na malori ya mchanga kutwa nzima, na mvua tulikuwa hatujaiona tangu Krismasi. Nilipitisha kidole kwenye paneli, kikaacha mstari wa bluu katikati ya wekundu. Ukingo wa chini, pale kioo kinapokutana na fremu, vumbi lilikuwa limegandamana kama udongo wa mfinyanzi. Jana yake saa sita mchana inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ilisoma wati 390. Kesho yake, jua lilelile, saa ileile: 500. Nami nilishaanza kuweka akiba ya paneli nyingine!

Fundi aliyetufungia alituambia, "Mama, hii ukishafunga umemaliza." Hapo ndipo ninapokataa. Kuosha ni sehemu ya bei ya sola, na mnunuzi aambiwe siku ya kwanza.

Watu wa jangwani wanalijua hili. Kwao vumbi hutua kila siku, mvua ya kulisuuza haiji kwa miezi, na umande wa alfajiri huligeuza tope jembamba ambalo jua likiwaka hukauka na kushika kioo kama plasta. Mtambo wa sola wa Noor Abu Dhabi, huko Falme za Kiarabu, ulioanza kazi 2019, husafishwa na roboti zenye brashi, bila tone la maji. Sisi tunapeleka sola kwenye visima na shule za Wajir na Turkana, kwenye vumbi la namna hiyohiyo. Je, tunawaachia hata brashi na ngazi?

Uchafu hauhitaji kuenea kote. Seli, vile vipande vinavyounda paneli, zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kinyesi cha ndege kikifunika moja tu, huzirudisha nyuma wenzake, nayo yenyewe hupata moto. Halafu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mafundi hulaza paneli kabisa. Zikiinuliwa digrii 10 au 15, mvua huondoka na vumbi.

Osha asubuhi, kioo kikiwa baridi. Maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukungu mweupe, afadhali ya mvua. Stiliwaya usiiguse.

Nimemwita fundi arudi ainue fremu. Ngazi sasa inakaa nje, kando ya tangi.