Mwaka mzima wilayani: nani atasaini daftari la mwanafunzi?

Mwaka 1997 wanafunzi wanane wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, walipelekwa Riverland, eneo la mashamba ya mizabibu na michungwa kando ya Mto Murray huko Australia Kusini. Haikuwa ziara ya wiki mbili ya kupima watu shinikizo la damu na kupiga picha. Walikaa mwaka wa masomo, wakifundishwa na madaktari wa miji ile midogo. Waliokuwa na shaka walihofia kwamba vijana wangefeli. Mwaka 2004 jarida la tiba la BMJ likachapisha utafiti uliolinganisha alama, na alama za waliokwenda shamba zilikuwa zimepanda kuliko za wenzao waliobaki hospitali kuu.

Mimi sishangai, na ndiyo maana naona wanafunzi wetu wa udaktari nao wangekaa mwaka mzima wilayani. Katika hospitali ya rufaa mwanafunzi hukaa wodi ya watoto kwa wiki kadhaa, akahamia upasuaji, kisha uzazi. Mgonjwa anamkuta kitandani, ugonjwa umeshapewa jina, na akirudi Jumatatu kitanda kina mtu mwingine. Wilayani, mama uliyempima kliniki mimba ikiwa ya miezi mitano ndiye utakayemkuta leba, na mwanawe utamwona siku ya chanjo. Mzee wa kisukari aliyeacha dawa utaelewa kwa nini ameziacha, kwa sababu umepanda bodaboda njia ile ile na nauli yake unaijua.

Hoja ya kwamba wakikaa vijijini watabaki huko ndiyo inayohitaji tahadhari. Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa kikipeleka wanafunzi miji midogo kwa takriban miezi tisa tangu 1971, na wengi wao waliishia kufanya kazi maeneo ya aina hiyo. Lakini waliomba wenyewe kwenda! Anayejitolea kuishi mbali na jiji huenda alikuwa na moyo huo kabla hajapanda basi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 haukuishia kwenye mafunzo ya vijijini, bali ulitaka pia vyuo vidahili vijana waliokulia huko.

Huku kwetu wazo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Makerere, Uganda, vimewapeleka wanafunzi kwenye jamii kwa miaka mingi, ila kwa vipindi vya wiki chache. Kuzigeuza wiki kuwa mwaka ndiko kunakoleta ugomvi, na wapinzani wana haki kuuliza: huko atafundishwa na nani? Daktari wa hospitali ya wilaya asubuhi yuko raundi, mchana chumba cha upasuaji, jioni anajaza ripoti. Australia serikali huilipa kliniki kwa muda inaoutumia kufundisha. Hapa tunamwongezea mtu mzigo, tena bila senti, halafu tunashangaa mwanafunzi akigeuzwa kibarua wa kuandika mafaili na kukimbilia maabara. Na binti wa miaka ishirini na tatu atalala wapi kama nyumba za watumishi zenyewe hazitoshi?

Lakini kuna mwalimu ambaye vyuo havipendi kumhesabu. Tanzania, kwa miongo mingi, upasuaji wa kujifungua wilayani umefanywa kwa sehemu kubwa na madaktari wasaidizi, watu waliokwea ngazi kutoka utabibu, kada iliyo chini ya udaktari, bila shahada ya udaktari. Mkono wa mmoja wao umeokoa akina mama wengi kuliko mikono ya baadhi ya wahadhiri. Mwanafunzi wa mwaka wa tano akisimama naye usiku, umeme ukiwa wa jenereta, atajifunza kuamua. Tatizo ni kwamba kwa ngazi za chuo mwanafunzi huyo anakaribia kumpita cheo mwalimu wake, na mabingwa hawatakubali kirahisi alama zitolewe na asiye na shahada.

Mimi ningeanza kama Riverland walivyoanza: wanafunzi wanane tu, walioomba wenyewe, kwenye hospitali yenye madaktari wa kutosha kupokezana, na posho ya kufundisha iwe imetengwa kabla hawajafika. Lakini kabla ya bajeti kupelekwa popote, seneti ya chuo iamue kama sahihi ya daktari msaidizi kwenye daftari la mwanafunzi, lile linaloonyesha kazi alizojifunza, itahesabika.