Dubu wa Uchochoroni

Kabla sijaeleza nilivyofikishwa mbele ya mjumbe nikiwa na bukta na hedifoni shingoni, nianze na gari la shemeji, maana ndilo lililoniponza.

Shemeji ana Toyota ndogo iliyokuja Dar ikiwa imeshatumika Japani. Kama mengi ya aina yake, ukiliwasha tu linaongea. Sauti ya dada mmoja mpole inatoka kwenye dashibodi, inasema maneno yake, inanyamaza. Shemeji alishaamua kwamba dada anamwamkia, kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufunga mkanda, anajibu: "Marahaba."

Mimi nilikuwa na miezi minne ya Kijapani. Asubuhi moja nimepewa lifti, dada akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia neno kwa neno: *ETC kādo ga sōnyū sarete imasen*. Kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi kule Japani bila kusimama getini. Unachomeka kadi kwenye kisanduku, unapita. Dada wa watu alikuwa anadai kadi, na shemeji miaka mitatu anaitikia marahaba. Nilipomweleza alininunia siku mbili. Mimi kichwa kikavimba. Nikaona nimeshaiva, sasa ni wakati wa kufanyia mazoezi mdomo.

Mswahili anayesoma Kijapani analia kwenye maandishi, halii kwenye matamshi. Herufi za hiragana ni 46 za msingi, katakana 46 nyingine, halafu inakuja kanji, ambayo orodha ya matumizi ya kawaida peke yake ina 2,136. Hapo utatoka jasho. Lakini kinywani irabu ni zetu zilezile tano, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Hata maneno mengine yako kinywani tayari, ila yamebadilishana kazi. *Saba* ni samaki, jamii ya vibua. *Taka* ni mwewe. *Kame* ni kobe. *Shika* ni paa. *Mimi* ni sikio. Na *nani*, hili mlishike vizuri maana linakuja kutumika, si "nani". *Nani* ni "nini".

Maneno ya namna hii kwenye programu ya kadi za kukariri huwa yanaingia siku moja na hayatoki tena, wakati mengine yanarudi kila asubuhi kama mdai. (Kwa wanaotumia Anki: inakuja imepangwa kadi mpya 20 kwa siku. Shusheni hadi 10. Ishirini zinafurahisha wiki ya kwanza. Wiki ya nne unaamkia marudio zaidi ya mia, na ukiruka Jumapili moja tu, Jumatatu huli.)

Sasa mazoezi ya mdomo. Njia niliyoichagua ni kufuatisha, ile inayofundishwa na Alexander Arguelles, Mmarekani mwenye lugha nyingi. Masharti yake ni matatu: utembee nje kwa kasi, uwe wima bila kuinamia simu, na useme kwa sauti kubwa na ya wazi pamoja na rekodi. Pamoja nayo, si baada yake. Wengi wanakosea hapo: wanasubiri sentensi iishe ndipo waseme, na hiyo si kufuatisha, ni kuitikia dua. Unatakiwa uwe nyuma ya msemaji kwa silabi moja au mbili, kama mtoto kwenye kaswida ambayo bado hajaikariri.

Chukua rekodi fupi, dakika moja, isizidi moja na nusu. Raundi za kwanza usitazame maandishi kabisa, hata kama huelewi kitu. Kazi ni kukamata mdundo. Kisha kaa chini, soma maandishi na tafsiri. Kisha rudi nje, raundi kumi. Ulimi ukigongana, punguza kasi hadi 0.75. Usishuke zaidi ya hapo, kwa sababu irabu zitavutika, na Kijapani hakina mchezo na urefu wa irabu: *obasan* ni shangazi, *obāsan* ni bibi. Muite shangazi wa mtu bibi uone.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: vaa hedifoni sikio moja tu. Mtu asiyejisikia hupandisha sauti bila kujua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mimi sikuwa nimemsoma Lombard. Nilivaa masikio yote mawili, tena zile za kuziba kabisa, kwa sababu mtaani kwetu Mwananyamala saa kumi na moja na nusu alfajiri kuna jogoo watatu na pikipiki mbili zinazowashwa kwa kupigwa kiki.

Somo lilikuwa la kumi na nne. Watu wawili wanapanda mlima kisiwani Hokkaido, mara wanakutana na dubu.

Hapa itabidi mnivumilie. Wajapani wamempa dubu jina la silabi mbili, na silabi hizo mbili, kwa mpangilio huohuo, kwetu ni tusi la nguoni. Siliandiki. Wenye kulijua wanalijua, na asiyelijua asiende kumuuliza mama yake. Niseme tu kwamba kisiwani Kyushu kuna mkoa mzima ambao jina lake limeanza na dubu huyo na kumalizikia na "moto". Dubu wenyewe Kyushu walishatoweka, serikali ya Japani ilitangaza 2012. Jina limebaki.

Nami nililijua hilo. Naapa nililijua. Kadi yake nilikuwa nayo, na sikuwahi kuikosea hata siku moja, kama mnavyoweza kufikiria. Lakini ukishakaa miezi minne na neno, linaacha kuwa tusi, linakuwa mnyama mwenye manyoya.

Uchochoro wetu una hatua 43 kutoka mlango wa uani hadi bombani. Alfajiri ile bombani kulikuwa na foleni ya ndoo, akina mama sita hivi. Katikati ya njia, mama wa vitumbua alikuwa ameshawasha jiko, chuma kimepata moto, mkononi ana ile spoku ya baiskeli anayogeuzia. Nikabonyeza kuanza. Nikatoka, kifua mbele.

Mazungumzo ya somo yanakwenda hivi. Mmoja anasikia kitu vichakani, anauliza: *Nani? Nani?* Mwenzake anajibu kwa kumtaja dubu, mara mbili, kwa hofu. Wa kwanza anaongeza kwamba ni mkubwa. Wa pili, ambaye sijui ana matatizo gani, badala ya kuondoka anaanza kusifia masikio ya dubu, ambayo kama mnavyokumbuka ni *mimi*.

Sasa wewe jiweke kwenye foleni ya maji. Giza bado halijaisha vizuri. Anakuja kijana kwa mwendo wa kijeshi, masikio kayaziba, macho mbele, anauliza kwa ukali: "Nani? Nani?" Hujafungua mdomo, anajijibu mwenyewe kwa tusi la nguoni, mara mbili. Anasema kidogo kitu kisichoeleweka, anarudia tusi, anamalizia na "mimi". Anafika bombani, anageuka, anaondoka. Baada ya dakika moja anarudi kukuuliza tena.

Raundi ya tatu niliona akina mama wamenyamaza wote wananitazama. Nikadhani wanavutiwa. Nikaongeza ishara za mikono.

Kuna ufundi mmoja wa matamshi ambao nikiukumbuka naumia. Kijapani kina tabia ya kuminya *u* ikibanwa na konsonanti kavu pande zote mbili. *Kusa*, majani, *u* yake haisikiki, inabaki pumzi tu. Lakini jina la dubu upande wa pili lina *m*, na *m* ina mtetemo, kwa hiyo *u* inabaki hai, safi, ya Kiswahili fasaha. Si hivyo tu. Neno likiwa la pili katika neno ambatani, *k* yake mara nyingi inageuka *g*. Dubu wote wa Hokkaido ni wa kahawia, na jina lao kamili ni *higuma*. Higuma! Lina ubaya gani? Mwandishi wa somo angeandika hivyo, mimi leo ningekuwa mtu wa heshima. Akaona afupishe.

Raundi ya tano mama wa vitumbua akasimama njiani. Spoku anayo, inatoa moshi. Akanichomoa hedifoni moja.

"Unamwambia nani?"

Akili bado iko mlimani Hokkaido. Nikamjibu kama mwalimu: "Shikamoo mama. Nani maana yake nini."

"Nakuuliza mimi!"

"Hapana, mama. Mimi ni sikio."

Haikusaidia.

Saa mbili kamili kikao kilikaa sebuleni kwa mama mwenye nyumba. Mjumbe alikuwepo, mama wa vitumbua, wawakilishi wanne wa foleni, na babu mmoja wa kijiwe cha kahawa, baharia mstaafu, aliyekuja kwa sababu alisikia kuna kesi. Mlangoni watoto wamejaa. Nikaeleza. Nikiwa naeleza niliisikia hadithi yangu kwa masikio yao: kwamba kuna nchi, mbali, ambako tusi lile ni dubu. Hata mimi nisingeniamini.

Babu baharia akanyanyua mkono. "Mjumbe, mimi Yokohama nimeshusha mzigo mara mbili. Ngoja nimpime." Akanigeukia. "Sikio wanaliitaje?"

"*Mimi*, babu."

"Kweli. Na nini wanasemaje?"

"*Nani*."

"Kweli kabisa. Hivyo hivyo." Akaegemea kiti. Sebule ikalainika kidogo, mama mwenye nyumba akasema kumbe. Ningeishia hapo.

Lakini mjumbe ni mtu wa taratibu. Akasema ushahidi wa mshitakiwa hautoshi, na babu hamjui dubu. Apatikane mtu wa tatu wa kulitamka. Nikasema simu inaweza: unaandika "dubu" kwenye programu ya kutafsiri, unabonyeza alama ya spika, inatamka. Mjumbe akaafiki.

Wiki moja kabla ya hapo mama mwenye nyumba aliniomba nimwekee kaswida kwenye sabufa yake. Nilikuwa nimeiunganisha na simu yangu kwa Bluetooth. Hizi simu ukishaunganisha mara moja, kila ukiingia chumba kile, sabufa ikiwa imewashwa, zinatafutana zenyewe, hazikuulizi. Na sabufa ya mama mwenye nyumba haizimwi, inapunguzwa tu sauti. Nayo asubuhi ile ilikuwa haijapunguzwa.

Nikabonyeza.

Neno lilitoka kwenye spika tatu kwa pamoja, kwa sauti ya dada mpole, binamu yake yule wa kwenye gari la shemeji. Vikombe kabatini vilitikisika. Nje watoto wakapiga kelele kama bao limeingia. Kwa kuwa sikuelewa sauti imetokea wapi, nikabonyeza tena ili inyamaze. Wanaotumia programu hizo wanajua: ukibonyeza mara ya pili hainyamazi. Inadhani hukusikia vizuri, kwa hiyo inarudia polepole, silabi moja moja.

Babu baharia alitoka nje, mabega yanamtikisika. Mjumbe aliinamia daftari lake muda mrefu bila kuandika kitu. Mama wa vitumbua alijifunika uso na khanga, na hadi leo sijui alikuwa analia au anacheka, ila alipoifunua macho yalikuwa na machozi.

Hukumu: kilo mbili za sukari na majani ya chai kwa mama wa vitumbua, na radhi niiombe kwa Kiswahili peke yake. Mazoezi yanaruhusiwa baada ya saa moja asubuhi, sikio moja wazi. Somo la kumi na nne nilisomee chumbani, mdomo kwenye mto. Sasa kabla ya kutoka na somo lolote napitia maandishi yote na kalamu nyekundu, natafuta maneno yanayofanana na yetu. Nikimkuta dubu popote, naweka *higuma*, hata kama sarufi inalalamika. Watoto wa mtaa wamenipa jina, na si gumu kulibahatisha. Wanalitumia la Kiswahili, namshukuru Mungu.

Mwisho wa mwezi nikapeleka kodi. Mama mwenye nyumba akahesabu noti, akazifunga kwenye pindo la khanga, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu aliyekaa na swali siku nyingi.

"Eti mwanangu. Na simba wanamwitaje hao?"

"*Raion*, mama."

"Na tembo?"

"*Zō*."

Akatikisa kichwa.

"Wana wanyama wazuri hivyo. Sasa wewe huyo dubu, ambaye hata Mikumi hayupo, ulimfuata nini?"