Kamera Iliyopenda Meno

Gari la mjomba wangu lilitoka Japani, na kila likiwashwa kuna mwanamke ndani ya redio anayetoa tangazo kwa Kijapani. Sauti yake tamu, ya adabu. Huu mwaka wa sita na hakuna aliyewahi kujua anasema nini. Mjomba humjibu tu, "Haya mama, tumesikia," kisha anatia gia. Nalitaja hili mapema msije mkaniona mjinga peke yangu huko mbele. Katika ukoo wetu, kuambiwa jambo kwa Kijapani na kuendelea na shughuli zako ni desturi.

Kamera niliinunua Luthuli Avenue, Nairobi, Jumanne moja ya Oktoba. Duka lenyewe lilikuwa juu ghorofani, na upana wake unatosha muuzaji na mteja mmoja asiye na mkoba. Kamera ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, rangi ya fedha, megapikseli 10, na lenzi inayochomoza na kurudi ndani kama shingo ya kobe. Ilikuja na memori kadi ya GB 2, chaja, na waya wa kuunganisha kwenye runinga wenye vichwa viwili, cha manjano na cheupe.

"Bosi, hii imetoka Japani moja kwa moja," muuzaji akaniambia. "Haijaguswa na Mkenya."

Aliitisha 9,000, tukashuka ngazi kwa ngazi hadi 6,500. Nilipoiwasha, maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Nikauliza lugha inabadilishiwa wapi.

"Lugha haibadiliki. Lakini picha hazina lugha."

Nikaona nimeongea na mwanafalsafa. Nikalipa.

Nilianza kupiga pale pale barabarani. Picha ya kwanza ilikuwa ya matatu iliyochorwa ubavu mzima, muziki unatikisa vioo vya maduka. Nilibonyeza, kamera ikafikiri, ikatafakari, ikashauriana na nafsi yake, ndipo ikapiga. Kilichoingia ni lami na mkono wa kondakta. Ya pili nikapiga mijakaranda ya bustani ya Jeevanjee, ambayo mwezi huo huwa imechanua zambarau hadi chini ya viti. Kwenye skrini ikatoka buluu, kana kwamba mtu amefua sare za shule akazianika mtini. Ya tatu mlinzi wa jengo moja aliniambia niifute mbele yake, nikaifuta. Soko la Gikomba sikuthubutu hata kuitoa mfukoni. Usiku nikajaribu sebuleni bila flashi, ukuta wetu ukajaa chenga kama uji wa wimbi, maana hizi kamera ndogo kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga hakifiki hata ukucha wa kidole cha mwisho. Lakini mchana, kwenye jua, mtu akitulia, weee! Nilimpiga nyanya akichagua mchele, nikavuta karibu, nikaona mpaka chuya mkononi mwake. Zile megapikseli 10 nikazisifu nyumba nzima. Kumbe nilikuwa nasifu shahidi wa mashtaka.

"Na simu yako ina nini?" mama akauliza.

"Simu ni simu, mama. Hii ni kamera."

"Basi Jumamosi utatupigia posa."

Posa ya dada yangu, hiyo. Wazee watano walitoka Mombasa kwa treni ya SGR, wakashuka Syokimau, mjomba akaenda kuwachukua wanne na mimi nikaja na wa tano kwa gari la jirani. Nimesimuliwa kwamba mjomba alipowasha gari, yule mwanamke akatoa tangazo lake, na mzee mkubwa wa msafara akaitikia, "Waalaikum salaam."

Kwetu Pumwani posa ina mpangilio. Ami ndiye msemaji. Baba hukaa kimya kama mwenye mali. Mjomba kazi yake ni kukasirika. Kila posa inahitaji mtu wa kukasirika, bila hivyo wageni wanaona bei ilikuwa nyepesi, na mjomba wangu anaifanya kazi hiyo tangu posa za binamu zangu wakubwa. Anaalikwa hata na majirani.

Mimi nikasimama pembeni na kamera. Kwenye ile menyu ya Kijapani kulikuwa na vijipicha: mlima, mwezi na nyota, mshumaa, na sura ya mtu anayecheka. Mlima sikuwa nao. Mwezi haukuwa umetoka. Sura inayocheka nikaona ndiyo ya shughuli za furaha, na posa ni shughuli ya furaha. Nikachagua hiyo.

Nikabonyeza kitufe. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka mbele, kamera ikanyamaza. Nikasema moyoni, tazama adabu ya Wajapani, imepiga bila kelele. Nikabonyeza tena, taa ikazimika. Tena, ikawaka. Nilipiga hivyo saa nzima, napiga goti, nainuka, nazunguka nyuma ya makochi, wazee wananitazama kwa heshima kama mtu wa gazeti. Mara moja moja flashi ilikuwa inawaka yenyewe bila mimi kugusa kitu. Hilo halikunishangaza. Mtumba wowote una mashetani wake.

Nilichokuja kujua baadaye, nilipoielekezea simu ile menyu programu ya tafsiri ikanisomea, ni kwamba ule mtambo haupigi picha unapobonyezwa. Unaanza kungoja. Unasaka nyuso, na ukiona tabasamu la kutosha, meno nje, ndipo unapiga wenyewe, hadi picha sita. Ukibonyeza tena, unaacha kungoja. Kwa hiyo saa nzima nilikuwa naiamsha na kuilaza kamera mbele ya wazee kumi waliokuja kujadili pesa, na hakuna mzee anayejadili pesa huku anatabasamu.

Haya, mazungumzo yakafika pazuri. Mzee mkubwa wa Mombasa akatoa karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma. Mahari aliyotaja binti mwenyewe, tumekubali. Mkaja wa mama, 50,000. Mama akainama. Kilemba cha mjomba, 40,000.

Mjomba alisimama. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Arobaini?" akasema. "Mimi ni mjomba wa mtoto huyu, au ni bawabu wa lango?"

Akatoka nje. Tukasikia viatu vyake uani, vinakwenda na kurudi. Ami akamfuata, wazee wawili wakamfuata ami. Alirudi baada ya robo saa, jicho jekundu, akakaa ukingoni mwa kochi kama aliyekuja kuuliza njia. Wageni wakapandisha hadi 60,000. Mjomba akasema anakubali kwa ajili ya mtoto tu, maana yeye moyo wake umeshavunjika. Dua ikasomwa, biriani ikaletwa, moyo wake ukala sahani mbili.

Hapo ndipo mama, Mungu amjalie, alipojitokeza mlangoni. "Huyu kijana amenunua kamera mpya. Hebu awaoneshe wageni picha kabla hawajarudi kituoni."

Nikauchomeka ule waya wenye vichwa viwili kwenye runinga ya inchi 43. Watu wakajipanga. Mjomba akapewa kiti cha mbele kwa sababu ya moyo wake.

Picha ya kwanza ilikuwa kalenda.

Ukutani kwetu, juu ya kochi la wageni, kuna kalenda ya duka moja la unga, mwanamke ameinua sahani ya chapati, meno thelathini na mawili yote yanahesabika. Kamera ilisaka tabasamu chumba kizima ikalikuta pale, kwenye karatasi. Picha ya pili, kalenda. Ya tatu, kalenda. Chini yake zinaonekana kofia tano za wageni zimekatwa usawa wa nyusi. Kila moja ina tarehe pembeni kwa rangi ya chungwa, 2009.1.1, kwa sababu saa ya kamera ilisimama zamani na mimi sikujua kuirekebisha.

Ilipofika ya sita, mzee mkubwa akakohoa kidogo.

"Samahani. Huyu dada ni wa upande gani?"

"Ni wa kalenda," ami akajibu.

Picha ya saba ilikuwa pazia la mlango wa ndani. Katikati ya pazia, kichwa cha dada yangu, ambaye mama alikuwa amewaambia wageni kwamba tangu asubuhi haya zimemjaa hata maji hayapiti. Amefungua kinywa hadi magego. Juu yake vichwa vya binamu wawili, kama rafu ya vikombe.

"Mashallah," mzee mmoja akasema, sauti kavu kabisa. "Hizi ndizo zile haya?"

Ya nane, shangazi anaichekea simu chini ya leso, wakati ami anasimulia nasaba yetu kutoka babu hadi babu. Ami aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Hadi leo hawajazungumza vizuri.

Kisha ya tisa.

Mbele kulia, mzee mkubwa amevaa miwani, ameshika karatasi. Nyuma kushoto, mjomba. Kidevu amekizamisha kifuani ili asionekane, lakini kamera imekaa chini, nilipokuwa nimepiga goti. Na anatabasamu. Sisemi ametabasamu kwa adabu. Lile ni tabasamu la mtu aliyekuta noti kwenye suruali ya msimu uliopita. Runinga yetu ni kubwa, kila jino lilikuwa kama tofali.

Kimya kikaingia. Kwa mbali likasikika birika jikoni. Nikabonyeza kwenda mbele.

"Rudisha ile," mzee mkubwa akasema.

Nikairudisha.

"Hapa nilikuwa nimefika kwenye mkaja, au kwenye kilemba?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo inaweza kuvuta karibu?"

Ningesema haiwezi. Mtu mwenye akili angesema haiwezi. Lakini nilikuwa nimeisifu ile kamera siku nne, na kiburi ni kitu kibaya mkononi mwa mtu mwenye vitufe. Nikavuta. Karatasi ikaja, ikaja, ikajaa runinga nzima, na megapikseli 10 zote zikaripoti kazini: kidole gumba cha mzee, na juu yake, kwa kalamu ya buluu, 40,000.

"Nilikuwa naumwa na jino," mjomba akasema.

Mzee akamgeukia. "Yote?"

Mimi nikauchomoa waya kwa hofu, nikaigusagusa kamera izimike, vidole vikakosea, ikawaka upande wa kupiga, ile taa ya rangi ya chungwa ikaanza kungoja. Haikungoja sana. Baba ndiye aliyeanza, baba ambaye hajacheka mbele ya wageni tangu nizaliwe, kisha ami, kisha wazee wote watano wa Mombasa, mmoja ameshika ubavu, mmoja anafuta macho kwa ncha ya kanzu. Kamera ikalipuka peke yake mkononi mwangu, pa, pa, pa, mara sita. Hizo ndizo picha pekee za posa ya dada yangu zenye wazee wote. Ni nzuri sana, moja tumeisafisha tukaitia fremu. Kila mtu anacheka isipokuwa mjomba, ambaye ananitazama mimi.

Kilemba kilirudi 50,000, na mjomba akaambiwa awapeleke wageni Syokimau bila kudai mafuta. Safari hii nilipanda nyuma, kubeba zawadi zao. Tukafunga milango, akawasha gari. Yule mwanamke akatoa tangazo lake kwa ile sauti tamu. Tukangoja. Mjomba hakumjibu.

"Waalaikum salaam," mzee mkubwa akasema, na gari likaondoka.