Dawa ya michirizi inayoleta michirizi

Wifi yangu kajifungua, arobaini haijatoka, na tayari kuna mtu amemuuzia kikopo cha "kuondoa michirizi kwa siku saba". Nimekasirika, na hasira zangu si kwa wifi.

Kikopo hakina lebo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Nilipombana muuzaji kwenye simu aniambie kachanganya nini, akajibu kwa kujiamini kabisa: losheni, mafuta ya karoti na "tyubu za dawa ya hospitali". Akatuma na picha ya tyubu. Klobetasoli.

Kina mama, lishikeni hilo jina. Klobetasoli ni steroidi ya kupaka, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, moja ya zile kali kuliko zote. Daktari humwandikia mgonjwa wa pumu ya ngozi au soriasisi (ugonjwa wa ngozi kutoa magamba) apake kidogo, palepale panapoumwa, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo. Ukiipaka miezi na miezi inaizuia ngozi kutengeneza kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, na kwenye mapaja, kwapa, kinena na matiti inachanika kwa ndani. Inatoka michirizi mipya, mipana, na hiyo haifutiki. Mwanamke anatoa pesa yake ili michirizi ya ujauzito iondoke, halafu anapewa kitu ambacho madaktari wanakijua kuwa ni kisababishi cha michirizi!

Mbona wateja wanasifia? Kwa sababu mwanzoni wanaona mabadiliko. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza rangi ya ngozi, kwa hiyo michirizi mibichi, ile yenye wekundu au zambarau, inafifia. Ushuhuda unarekodiwa hapo hapo. Baada ya mwaka, paja likishaharibika, nani atarudi mbele ya kamera?

Na huyu ni mama anayenyonyesha. Krimu inapakwa tumboni na kwenye matiti, mtoto anashika ziwa hilo hilo. Steroidi kali ikipakwa eneo kubwa kila siku huingia kwenye damu, na inaweza kuzizubaisha tezi za juu ya figo mpaka zishindwe kutengeneza homoni ambayo mwili unaihitaji. Inaniuma sana kwamba haya yote anafanyiwa mtu ambaye mshono wake haujakauka, kwa sababu tu kaambiwa tumbo lake linatia aibu.

Kemikali za kung'arisha ngozi, kama zebaki na haidrokwinoni, zilishapigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Sawa, misako inafanyika, shehena zinateketezwa, nakubali. Lakini tyubu hii ni dawa halali. Inatoka duka la dawa, inakabidhiwa mtu asiye na cheti cha dawa kutoka kwa daktari, na kwa idadi ambayo hakuna mgonjwa mmoja angeihitaji. Muuza dawa anayetoa boksi zima anajua fika kwamba haliendi kutibu pumu ya ngozi ya mtu. Ukaguzi uanzie kwenye kaunta yake, kabla tyubu hazijafika kwenye ndoo ya mkorogo.

Michirizi yenyewe inatokana na ngozi ya kati kutanuka haraka huku homoni zikiidhoofisha. Wajawazito wengi wanaipata, vijana wanaipata wakirefuka, wanaume wanaipata wakinyanyua vyuma, na kama mama yako alikuwa nayo, uwezekano wako ni mkubwa zaidi. Mafuta ya zeituni, siagi ya kakao: yamejaribiwa kwa wajawazito na hayakuonyesha kuizuia. Pakeni kwa sababu yanalainisha ngozi na kupunguza mwasho, siwakatazi. Tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, husaidia kidogo michirizi ikiwa bado mibichi, ila mjamzito asiiguse, na anayenyonyesha amuulize daktari kwanza. Leza na vijisindano vya kutobolea ngozi hupunguza, kwa bei ya kutisha, na leza ikishikwa na asiyejua ngozi nyeusi inaacha madoa. Kuifuta kabisa, hakuna kinachofuta. Hata bila kupaka chochote, rangi yake hufifia yenyewe kadiri muda unavyokwenda.

Makovu yanayovimba na kuzidi mipaka ya kidonda, kama yale ya kutoboa masikio, ni jambo jingine. Huko steroidi ya sindano ni tiba kweli, mkononi mwa daktari. Msikubali kovu la namna hiyo likatwe tu basi. Mara nyingi linarudi, na pengine kubwa zaidi.

Kama umeshatumia kikopo cha namna hii muda mrefu, usikitupe leo ukanyamaza. Ukiacha ghafla ngozi inaweza kuwaka na kuwasha vibaya, na mwili wenyewe unaweza kuyumba. Nenda nacho kliniki ya ngozi, Muhimbili, au KCMC pale Moshi ambako madaktari wa ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu miaka ya 1990, au kwa daktari wa ngozi aliye karibu nawe. Mwonyeshe kikopo, mwambie umepaka wapi na kwa muda gani. Kama unanyonyesha, mtangulizie hilo.