Umeme wa mgongo, ushahidi wa mguu

Kutuliza maumivu sugu ya mgongo kwa umeme si jambo geni. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una kama lango: ujumbe wa mguso ukipita kwa wingi, ule wa maumivu hubanwa. Miaka miwili baadaye Norman Shealy, daktari wa upasuaji Marekani, alimpandikizia mgonjwa kifaa cha kwanza cha kulifunga lango hilo kwa umeme. Siku hizi betri hufichwa chini ya ngozi ya tako au kiuno, na nyaya nyembamba hupeleka umeme kwenye uti wa mgongo.

Watetezi hutaja jaribio la PROCESS la 2007, lililohusisha wagonjwa 100 waliopasuliwa mgongo na bado wakaumwa. Baada ya miezi 6, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa walipungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi. Kwa walioendelea na matibabu ya kawaida, ni asilimia 9. Tofauti kubwa hiyo. Ila kipimo kikuu kilikuwa maumivu ya mguu, yale yanayoshuka kutoka kiunoni. Tena kila mmoja alijua amepewa nini, na aliyerudishiwa tiba ambazo hazijawahi kumfaa asingekuwa na matumaini makubwa.

Watafiti wa Norwe waliliendea hilo. Katika utafiti wa 2022, wagonjwa 50 wenye kifaa mwilini walipitia vipindi vya miezi mitatu, umeme ukiwashwa au kuzimwa bila wao kujua. Uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku haukuonyesha tofauti ya maana. Wakosoaji walisema umeme haukupangwa kama ilivyozoeleka hospitalini, pingamizi la haki, lakini mwenye kulitoa anadaiwa jaribio lililo bora zaidi.

Madhara nayo yapo: nyaya huhama, vidonda huota usaha, wengine hupasuliwa tena. Kati ya 2016 na 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipokea ripoti zaidi ya 107,000 kuhusu vifaa hivi, ingawa ripoti peke yake haithibitishi kosa la kifaa.

Mwenye maumivu ya neva mguuni baada ya upasuaji nisingemzuia. Anayeumwa mgongo tu, ningetaka ile wiki ya majaribio inayotangulia kupandikizwa kifaa, nyaya zikiwa ndani na betri ikiwa nje, iwe na siku ambazo umeme umezimwa kimyakimya, kwa ridhaa yake, kabla hajapasuliwa.