Katibu Aliyefagia Ahadi za Watu

Kompyuta yetu ya mezani ni mtumba wa Kariakoo. Muuzaji aliniapia kwamba ilikuwa ya bibi mmoja wa Ulaya, anaiwasha Jumapili tu kusoma barua za wajukuu. Diski yake GB 128, nami nikajiona nimelamba dume. Miaka mitatu baadaye mstari wa diski C ulikuwa mwekundu kama mdomo wa mla tambuu. Zimebaki MB 212, na feni inaunguruma kama bajaji yenye abiria wanne inayopanda Kimara.

Sasa, mimi ndiye katibu wa kamati ya harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Cheo sikukigombea, nilipewa kwa kuwa nina kompyuta. Kikao cha kwanza, chini ya mwembe pale Tabata, Mama Mkubwa ambaye ndiye mweka hazina alitoa kaunta buku lililovikwa gazeti. Nikamwambia mbele za watu, "Mama Mkubwa, hilo lipumzishe. Siku hizi ni Excel." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alilirudisha tu mkobani polepole.

Ijumaa moja usiku, nikitaka kuongeza mchango wa mtu, mashine ikagoma kuhifadhi. Diski imejaa. Nikatangaza usafi.

"Baba Nasra, si umwite fundi?" mke wangu akasema.

"Kufagia nyumba yako mwenyewe unaita fundi?"

Nilianza vizuri, hapo mnitendee haki. Nikafuta faili za muda, zikarudi GB 2. Nikazima ule usingizi mzito ambao Windows ikilala humwaga kumbukumbu yake yote ndani ya faili moja kubwa, zikarudi GB 3 na ushee. Ningeishia hapo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini kufuta kuna ulevi wake. Nikafungua ile programu ya kusafisha diski, yenye orodha ya vijisanduku vya kutia tiki, na mbele ya kimoja naona GB 19! Nikasema kumbe uchafu wenyewe umejificha huku.

Kilikuwa kisanduku cha Vipakuliwa, yaani folda ya kila ulichowahi kudaunilodi. Windows 10 ya toleo la 1809, la mwaka 2018, ndiyo iliyoiingiza folda hiyo kwenye orodha ya vitu vya kufagiwa. Haikuwa na tiki; tiki niliitia mimi, kwa mkono huu huu ninaolia ugali. Baadaye waliiondoa, ila mashine yangu haikuwahi kusasishwa, kwa sababu diski ilikuwa imejaa.

Mstari ukageuka bluu. Nikamwita mke wangu aje aone maajabu. Akatazama, akauliza jambo moja tu: "Na orodha ya michango?"

Orodha ya michango mwenyekiti alinitumia kwa WhatsApp ikiwa tupu. Nikaidaunilodi, nikaifungua kule kule ilikotua, na kwa miezi miwili nikawa najaza kule kule. Mbio hadi kwenye pipa la taka: jeupe. Programu ile haipitishi kitu pipani, inachinja moja kwa moja.

Usiku huo nikashusha programu tatu za kufufua faili, zote juu ya diski ile ile. Asubuhi fundi wa Kariakoo akanitazama kama daktari anavyomtazama aliyeanzia kwa mganga. "Kaka, faili likifutwa halifi hapo hapo. Mashine inaandika tu kwamba nafasi iko wazi. Wewe umeleta wageni watatu umewalaza juu ya maiti." Akaongeza kwamba hii ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, yenyewe huzisafisha nafasi zilizofutwa, kwa hiyo huenda hata nisingegusa kitu tungekuta patupu. Alichofufua ni tangazo la viwanja vya Chanika. Nakala kumi na moja. Elfu thelathini yake nikalipa.

Mama Mkubwa alikuwa msibani Muheza, na hata angekuwa jirani, ningeanzaje? Nikashika simu, nikaanza kuwapigia wajumbe 47 mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayehakiki tu kumbukumbu.

Sijapata kuona ukoo mwaminifu vile. Kila niliyempigia alikuwa amemaliza! Binamu wa Mbagala, ambaye vikao vyote mtoto wake alikuwa anaumwa, aliniuliza kwa uchungu, "Katibu, kumbe hukuniandika?" Mjomba wa Gongo la Mboto aliyeahidi laki moja mbele yetu sote akakumbuka ni elfu ishirini. Jamaa mmoja alizidisha, akaomba nimtunzie chenji yake. Jioni nikajumlisha: tumekusanya milioni 13 na laki 4. Mkononi, kwa taarifa ya mwisho, zilikuwepo milioni 5.

Na mimi, nikiwa kwenye mstari wangu, nikaandika: Katibu, ahadi laki 3, amemaliza. Ilikuwa usiku, nimechoka, na ukweli ni kwamba nilikuwa na nia.

Jumapili nikasimama chini ya mwembe, nikasoma karatasi yangu iliyochapwa vizuri, ina mpaka rangi kwenye vichwa vya safu. Wajumbe wakapiga makofi. Binamu wa Mbagala alipiga hadi akasimama. Mama Mkubwa, aliyeshuka kwenye basi la Muheza asubuhi hiyo, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mkoba, akatoa kaunta buku, akavaa miwani, akalamba kidole.

"Mwenyekiti," akasema, "nifuate herufi, au nianze na katibu?"