Chaga Tatu, Pedali Nne

Jamani, nani alieneza habari kwamba gitaa ni chombo cha maskini? Eti mbao na nyuzi sita, unakaa chini ya mwembe, unapiga, ndege wanakuja kusikiliza. Uongo mtupu. Mimi napigia kwaya hapa Busia, upande wa Uganda, na kila pedali ninayoikanyaga, vile visanduku vya kubadilisha sauti ya gitaa, kuna kitu kimeondoka nyumbani kwangu ili iwake.

Nilianza na chaga za kitanda. Ule ubao wa kupangia pedali, ukiuulizia dukani, utatajiwa bei ya mbuzi mwenye mimba. Nikarudi nyumbani nikakitazama kitanda. Chaga kumi na moja! Nikajiuliza, mtu na mkewe wanalalia chaga kumi na moja, wao ni magunia ya saruji? Nikang'oa tatu za upande wa miguuni, nikazigongelea vipande viwili kwa chini, pedali zangu nne zikakaa kama zimezaliwa hapo. Usiku Mama Nekesa akajigeuza, godoro likatumbukia, visigino vyake vikagusa sakafu. Hakusema neno. Yule mwanamke akinyamaza ujue anaandika deni.

Basi nikadhani kazi imekwisha. Kumbe kuzipanga ni mchezo, kazi ni kuzilisha.

Ya kwanza ni Boss DS-1 ya kukwaruza sauti, ile ya rangi ya chungwa, aina inayotengenezwa tangu 1978. Huyo hana makuu: volti 9, chini ya miliampu 10, mlo wa shomoro. Ya pili ni dilei ya dijitali, ya kurudisha sauti kama mwangwi. Volti 9 vilevile, ila yenyewe inataka miliampu 300, kwa hiyo ukiipa betri ndogo ya mraba itaifyonza kabla ibada haijafika kwenye sadaka. Ya tatu ni priampu, ya kuipa sauti nguvu kabla haijafika kwenye ampu, na yenyewe haitaki habari za 9, inataka 18. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa volti zikiwa nyingi sauti inapata dari la juu, unachapa nyuzi kwa nguvu bila kugonga kichwa. Nyumba yangu mwenyewe dari haina, lakini sawa.

Ya nne ndiyo shetani. Ni fazi ya kizamani, nayo ya kukwaruza sauti, yenye transista za jamaniamu, shemeji aliitoa Nairobi. Volti 9, nikashangilia. Halafu nikakichungulia kile kiduara kilichochorwa karibu na tundu la umeme. Pedali karibu zote siku hizi zinapokea hasi katikati na chanya pembeni. Hii inataka chanya katikati, na hiyo chanya yake ndiyo imefungwa kwenye bodi la chuma. Umealika watu kwenye sinia moja la pilau, mmoja ananawa mkono wa kushoto.

Na sijamaliza. Ile plagi yenyewe, kijiti cha duara chenye tundu la milimita 2.1, ni moja kwa zote. Ya volti 9 inaingia, ya 12 inaingia, ya 18 inaingia bila hata kubisha hodi. Aliyebuni hivyo hajaishi na mimi. Hapo mwanzo nilikuwa na korasi, pedali ya kufanya gitaa moja lisikike kama mengi. Nasema nilikuwa nayo. Ijumaa moja wakati wa mazoezi niliishika plagi ya 18 nikidhani ni ya 9, korasi ikaimba sauti moja nzuri ambayo haijawahi kuimba, halafu ikatoa harufu ya samaki aliyesahauliwa jikoni. Sopranu wakafungua madirisha.

Baada ya msiba huo nikanunua adapta moja ya volti 9 na ule waya wenye mikia mingi, adapta moja inanyonyesha pedali zote kama nguruwe na watoto wake. Priampu nikaiweka kando, fazi nikaipa mkia wa kugeuza, hasi ikawa chanya. Nikawasha. Kimya. Hata taa hazikuwaka. Adapta ikawa ya moto, unaweza kukaanga yai la rolex, ile chapati yetu ya mayai, juu yake.

Nikapeleka mzigo wote kwa fundi wa redio karibu na stendi. Akaangalia, akacheka mpaka akaweka chini kifaa chake cha kulehemu.

"Mwalimu, umeshotisha."

"Nimeshotisha wapi, Fundi? Nimegeuza waya vizuri."

"Umeugeuza waya wa umeme. Je, waya wa gitaa unaounganisha pedali na pedali umeugeuza? Ganda la ule waya linashikanisha mabodi yote. Huyu bodi lake ni chanya, wenzake bodi lao ni hasi, wanasalimiana kwa mlango wa nyuma."

Kumbe! Fazi nikaitoa kwenye ule waya wa mikia, nikaipa betri yake ya mraba akae peke yake kama mkwe. Na nikubali, haisumbui tena. Inakula chini ya miliampu 1, ile betri itanizika.

Hapo zikabaki mbili kwenye adapta, na dilei nayo ikawa inawaka, inakonyeza, inazimika. Mpiga besi wetu, ambaye anajua kila kitu isipokuwa kuwahi mazoezi, akaniambia nisithubutu kuweka adapta kubwa, miliampu nyingi zitaunguza. Nikamwamini wiki mbili nzima. Fundi akanitoa ujinga: volti ndiyo inayosukumwa ndani, miliampu ni hamu ya pedali yenyewe. Adapta ikiwa na ampea nzima, yaani miliampu 1000, pedali itachukua inachotaka na kingine itakiacha. Yangu ilikuwa ya miliampu 200, mlaji anataka 300, angewakaje?

Nikabadilisha adapta. Dilei ikawaka, Mungu ni mwema. Ikaja na mngurumo. Mmmmmm, kuanzia wimbo wa kuingia mpaka baraka za mwisho, na juu yake kamlio kembamba ka dilei kama mbu aliyeokoka. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na hiyo 50, na 100 inayoifuata, ziko jirani kabisa na noti ya G. Mpiga kinanda akatoa shauri kwamba nyimbo zote tuimbe kwa G ili mngurumo uhesabike kama mwanakwaya. Tuliimba kwa G miezi miwili. Wazee wa besi walilalamika, sopranu wakapoteza sauti, mngurumo peke yake ndio haukukosea hata siku moja.

Dawa ya kweli ni kisanduku cha kugawa umeme ambacho kila tundu limetengwa na mwenzake, hakuna anayesalimiana na mtu. Kipo. Bei yake nikiitaja hapa mke wangu anaweza kusoma.

Fundi akasema kuna njia ya kiume. Betri haina hezi, yaani kule kutikisika, kwa hiyo haingurumi. Nitafute betri ya volti 12, yeye atanifungia kidude kinachoitwa 7809. Tarakimu mbili za mwisho ndizo volti zinazotoka: 7805 inatoa 5, 7812 inatoa 12, hii inatoa 9 safi kwa DS-1 na dilei. Priampu nitaifungia betri mbili za mraba mfululizo, 9 na 9 zinakuwa 18. Shida moja tu, kidude kinapata joto, kinahitaji bati la aluminiamu la kukipoza.

Bati la aluminiamu. Nikaenda jikoni. Sufuria ya maharage ilikuwa na kifuniko.

Na betri ya volti 12 nayo nilijua iko wapi. Mama Nekesa ana kibanda cha kuchaji simu kwa sola, shilingi 500 kwa simu. Jumapili alfajiri alikuwa bado amelala, visigino viko sakafuni. Nikaibeba.

Ndugu zangu, ibada ile! Umeme ulikatika kwenye wimbo wa pili, kinanda kikafa, maikrofoni zikafa. Ampu yangu ndogo ya betri, ile ya kukuza sauti ya gitaa, na ubao wangu wa chaga vikabaki vinapumua. Hakuna mngurumo, hakuna mbu. Tukaimba kwa D! Watu walilia.

Narudi nyumbani natembea kama askofu, naona foleni kibandani. Simu kumi na moja zimelala mezani, giza totoro, wenyewe wamekunja mikono. Mama Nekesa ameshika kalamu na daftari, na pale juu nikasoma: chaga 3, kifuniko 1, betri 1.

Mchungaji naye yuko kwenye foleni, ameacha simu yake tangu jana. Akanishika mkono kwa furaha.

"Mwalimu, leo gitaa lilikuwa safi ajabu! Umeme wote umekatika, wewe ulitumia umeme gani?"

Mama Nekesa akamkabidhi simu yake iliyozimika.

"Wako, Mchungaji."